Yuwapi Mwana?

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Aliyeitoa methali hiyo, nathubutu kusema, alikuwa mwanamume, na usiku huo alikuwa amelala chumba cha mbali. Aliyepata kulea mwana mchanga anajua kwamba ngoma hiyo hukesha hadi alfajiri, na kesho yake baada ya isha huanza upya.

Chundwa, mji wa Wabajuni upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, ni mahali pazuri pa kuisikiliza. Jirani zake ni Kizingitini, Mbwajumwali na Faza, na wageni wengine huuandika Tundwa. Usiku ukishika, pikipiki zikinyamaza, hubaki upepo kwenye minazi na bahari kwa mbali. Nyumba zimekaribiana, dirisha la huyu linatazama ukuta wa yule. Mtoto akilia nyumba moja, watu wa nyumba tatu hugeuka kitandani. Kisha sauti ya kike huanza, chini chini, nusu wimbo nusu mnong'ono. Huimba kipande, ikanyamaza. Mtoto hulalama kidogo. Sauti hurudi, imeshuka zaidi, maneno yamepungua. Hunyamaza tena, mara hii kitambo. Ukiwa macho na huna la kufanya ila kutega sikio, utagundua jambo ambalo vitabu vya malezi havilitilii maanani: mama huyo anasikiliza kuliko anavyoimba. Kila kipande cha wimbo anakitupa gizani kisha anangoja jibu, na jibu ndilo linalomwambia kama aongeze, apunguze, ageuze mtoto bega la pili au anyamaze moja kwa moja.

Kwa hiyo nitaisema hoja yangu mapema, msomaji asinitafute. Kuongoa mtoto ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya koo. Sauti nzuri haihitajiki, na wimbo mzuri pia hauhitajiki sana. Kinachohitajika ni mtu anayebadilika kwa sababu mtoto amebadilika. Nadhani tukilishika hilo, tutaweza kuzungumza kwa akili juu ya simu zinazowekwa siku hizi kando ya mito ya watoto, bila kulalamika kizee na bila kujidanganya kisasa.

Tuanze na mtoto mwenyewe, maana huwa tunamdhania kwamba ni mgeni asiyejua lolote. Kwa desturi ya Waislamu, mtoto akizaliwa husomewa adhana sikio la kulia na ikama sikio la kushoto. Wengi wetu tumefunzwa kuwa hiyo ndiyo sauti ya kwanza kupewa duniani, na kwa maana ya dini ni kweli. Lakini masikio yake yalikwisha kufanya kazi miezi kadhaa kabla ya hapo. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lililowahusu watoto waliozaliwa siku hizo hizo. Mtoto alipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, na namna alivyonyonya ndivyo alivyochagua asikie sauti ya nani. Watoto walinyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama zao, si ya mwanamke mwingine. Siku hizo chache za uhai zilitosha kumtambua mama kwa sauti, kwa sababu kujuana kwao kulianzia tumboni.

Mwaka 2009 Kathleen Wermke wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, pamoja na wenzake walikwenda hatua nyingine. Walirekodi vilio vya watoto wachanga 60, nusu yao wakiwa wamezaliwa na mama Wafaransa na nusu na mama Wajerumani, wakakuta kwamba vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda sauti na vya Wajerumani kushuka, kama zinavyofanya lugha zenyewe. Yaani mtoto hulia kwa lahaja ya nyumbani kwake! Sijui jaribio kama hilo lingetoa nini Chundwa, ambako Kibajuni kina sauti zake zisizopatikana Mombasa wala Unguja. Ila nikiwafikiria Wabajuni waliovikimbia visiwa vyao vya upande wa Somalia baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, wakapita Mombasa, na wengine wakafika Uingereza, naona kwamba mwanamke aliyepoteza nyumba, chombo na makaburi ya wazee wake bado alikuwa na kitu cha kumrithisha mwanawe kabla hata hajamzaa. Afisa wa uhamiaji hakuweza kukipekua.

Turudi chumbani. Kwa mila ya pwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hukandwa, huogeshwa kwa maji ya moto, hulishwa vyakula vya kumrudishia nguvu, na pilipili manga haikosekani. Wageni humwona kama anayelelewa pamoja na mwanawe, na ndivyo ilivyo. Lakini katika siku hizo arobaini kuna shule isiyotajwa. Mtoto hupita mikononi mwa watu wengi: mama mzaa mama, shangazi, somo wa mama, binti wa jirani aliyetumwa kuleta maji ya jabia akakaa kutwa. Kila mmoja humpakata kwa namna yake. Huyu humpiga vikofi vya polepole mgongoni, yule humtikisa kwa magoti, mwingine humnong'oneza kalima ya shahada kwa sauti ya kuvuta, tena na tena, mpaka maneno yanakuwa pumzi tupu. Mama mwenyewe, aliyechoka na pengine mwenye huzuni ambayo hajui ilikotoka, anatazama. Anaona kwamba mtoto wake ana njia kadhaa za kutulia. Anaona pia kwamba si lazima awe yeye kila mara.

Hili la mwisho nalitilia mkazo. Tunapenda kusema wimbo hufunga pendo la mama na mtoto, na hatukosei, lakini tukilisema hivyo tu tunamtwisha mzigo mwanamke mmoja. Palikuwa na zamu. Mama aliyeshindwa kuimba usiku wa leo, mwenzake aliimba, na mtoto hakuhesabu hilo kuwa ni kosa. Leo binti wa Chundwa akiolewa Mombasa na kupanga vyumba viwili Kisauni, mume yuko kazini zamu ya usiku, anabaki yeye na mtoto na ukuta. Watu husema kwamba vijana wamezisahau nyimbo. Mimi sidhani kwamba nyimbo ndizo zilizopotea kwanza. Zilizopotea kwanza ni zile zamu.

Na nyimbo zenyewe ni zipi? Hapa msomaji akitaraji nimpangie orodha, atanisamehe. Nyingi hazina mwenyewe na hazina mwisho. Zina sauti chache, zinapanda kidogo na kushuka sana, na neno moja linaweza kurudi mpaka likapoteza maana. Nyingine ni dhikri na kasida, zile zile zinazosomwa kwenye maulidi, ila zimepunguzwa mwendo. Yako mabishano ya zamani kama kuimba ni halali au haramu, na nayaheshimu, lakini sijapata kusikia mwanachuoni aliyebisha hodi saa nane za usiku kumkataza mwanamke anayemtuliza mwanawe. Nyingine ni ahadi: baba atarudi, ataleta nguo, ataleta samaki. Baba wa Chundwa huenda yuko baharini kweli, au yuko Mombasa, au yuko Ghuba, na ahadi hiyo yasemwa kwa anayeimba zaidi kuliko kwa anayeimbiwa.

Nyingine ni mashtaka. Hili wanaume wengi hawalijui kwa sababu wanapoingia wimbo hubadilika. Mtoto ni shahidi asiyeweza kupeleka habari. Kwake mwanamke anaweza kusema yale asiyoweza kumwambia mamavyaa, kwamba unga umekwisha, kwamba mume ana maneno makali, kwamba amekumbuka kwao. Anayasema kwa sauti laini ile ile ya kulaza. Naye jirani aliye upande wa pili wa ukuta huyasikia, na mara nyingi hiyo ndiyo nia. Watu wa pwani tumezoea kusemezana kwa fumbo. Mwanamke akinunua leso hutazama maneno yaliyoandikwa kabla ya kutazama rangi, ajue anakwenda kumwambia nani. Wimbo wa kuongoa ni njia nyingine ya kufikisha ujumbe kwa asiyetajwa. Basi kuna masikio mawili chumbani mle: mama anamsikiliza mtoto, na ukuta unamsikiliza mama. Nyumba yenye busara hulijua hili, na asubuhi kibaba cha unga hufika bila mtu kuulizwa.

Ni kisiwa hicho hicho cha Pate kilichomzaa Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, naye akafariki miaka michache tu baadaye. Ule ni wosia wa mama mgonjwa kwa mwana aliyekwisha kukua, umeandikwa, umenakiliwa, umechapishwa, unasomwa mpaka leo. Nimejiuliza mara nyingi ni nini alichomwimbia Hashima alipokuwa wa mapajani, miaka ile kabla ya wino na karatasi. Hakuna hati yake. Na hata mtu angeiandika, angepata maneno mawili matatu ya kawaida na asingepata kitu, kwa sababu nusu ya wimbo ule ilikuwa ni Hashima.

Fasihi yetu imelihifadhi jambo hili mahali pengine, mahali ambapo hatukuzoea kulitafuta: katika kisa cha Fumo Liyongo. Kila mtoto wa shule anamjua Liyongo kuwa shujaa, jitu la vita, mpiga upinde, ambaye masimulizi humweka kati ya Pate na nchi ya Ozi. Tunakumbuka alivyofungwa, akamwimbia kijakazi Saada maneno ya kumpelekea mamake, na mama akaelewa, akaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi walidharau wishwa wakampa mfungwa. Kisha ngoma ya gungu ikachezwa nje kwa kishindo, na chini ya kishindo hicho Liyongo akakata pingu zake. Walinzi waliusikia wimbo ule ule alioupeleka Saada. Masikio yao yalikuwa mazima na lugha waliijua. Aliyeelewa ni mama.

Lakini mimi huvutwa zaidi na mwisho wa kisa, kama alivyosimuliwa Edward Steere kule Unguja, akauchapisha London mwaka 1870 kabla hajawa askofu. Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anachukua upinde na mishale, anakwenda hadi kisimani ambako watu huteka maji, anapiga goti, anavuta upinde, na katika hali hiyo anakufa. Mji mzima unamwona na hakuna anayethubutu kusogea. Wanadhani yu hai na ana hasira. Maji hayatekwi. Mwishoni wanamwendea mama yake, wamwombe azungumze na mwanawe aondoke, watu wapate maji. Mama anakwenda. Anamshika ili ambembeleze kwa nyimbo. Liyongo anaanguka. Hapo ndipo mama anapojua kwamba mwanawe amekufa, na hapo ndipo mji unapojua.

Nilikisoma kisa hiki nikiwa kijana nikakiona cha kushangaza, na nikiwa mzee kidogo nikakiona cha kweli. Mji mzima ulimtazama Liyongo usijue kama ni mzima au maiti, maana kutazama kwa mbali hakutoshi. Mama alimwendea mtu mzima, jitu lenye upinde mkononi, kwa njia ile ile aliyomwendea alipokuwa mchanga: akamshika, akamwimbia. Kumbembeleza ndiko kulikompa habari. Asiyejibu wimbo wa mama yake, tena ameshikwa, huyo hayupo.

Basi waliotunga kisa hiki walijua kwamba kuongoa ni kuuliza. Wataalamu wa Ulaya walilifikia jambo hilo kwa njia yao, karne nyingi baadaye, kwa kamera. Colwyn Trevarthen, aliyefundisha Edinburgh miaka mingi, alichunguza filamu iliyopigwa Sweden ya mtoto wa kike wa miezi mitano aliyezaliwa kipofu. Mama yake anamwimbia huku akimpa chupa ya maziwa. Mtoto hajapata kuona mkono wake wala wa mtu mwingine, lakini mkono wake wa kushoto unapanda na kushuka na wimbo. Filamu ilipopimwa kwa makini ikaonekana kwamba mahali pengine mkono ulitangulia sauti ya mama kwa kiasi cha theluthi ya sekunde. Mtoto aliujua wimbo, akajua unakokwenda, akatangulia kufika. Sasa nani alikuwa akimwongoza nani?

Trevarthen huyo huyo na Lynne Murray walifanya jaribio jingine, wakalichapisha mwaka 1985, na hili ndilo ambalo ningependa kila mwenye simu alifahamu. Waliweka mama chumba kimoja na mtoto wa kama miezi miwili chumba kingine, wakaonana na kusikizana kwa televisheni. Mambo yakaenda vizuri, mtoto akacheka, akatoa sauti, mama akajibu. Kisha wakamwekea mtoto mkanda wa dakika chache zilizopita. Mama yule yule, uso ule ule, sauti ile ile ya upendo. Mtoto akaanza kugeuza uso, akatatizika, akahuzunika. Kilichokuwa kimeondoka ni kimoja tu: mama wa kwenye mkanda hakuwa akimjibu. Wako watafiti waliolirudia jaribio hilo wakapata hayo hayo, na wako ambao hawakupata, kwa hiyo sitaki kulifanya aya ya Kurani. Lakini mama wa Chundwa akisimuliwa hatashangaa.

Nikiishia hapo nitakuwa nimeonea upande mmoja. Mwaka 2015 Mariève Corbeil na wenzake wa Montréal walichapisha utafiti uliowahusu watoto wa chini ya mwaka mmoja, waliosikilizishwa sauti zilizorekodiwa, baadhi zikiwa mazungumzo na nyingine nyimbo. Waliziteua nyimbo za Kituruki makusudi, ili watoto wasiwe wamezisikia kabla. Kwa mazungumzo, watoto walivumilia dakika nne na kitu kabla ya kuanza kulalama. Kwa wimbo walikaribia dakika tisa. Na hiyo ilikuwa sauti ya mtu baki, kutoka kwenye spika, kwa lugha isiyo yao. Kwa hiyo yule mama wa Kisauni anayebonyeza simu ili apate nafasi ya kugeuza samaki kwenye kikaango hafanyi dhambi. Dakika tisa ni nyingi jikoni.

Ila tuangalie kilichopimwa. Watoto wale walianza wakiwa wametulia, na wimbo ulichelewesha kilio. Kuchelewesha kilio ni jambo moja, na kukipokea ni jambo jingine. Simu inaweza kufanya la kwanza. La pili haiwezi, kwa sababu haijui kama mtoto analia. Itaendelea na ubeti wa tatu kwa uchangamfu ule ule, mtoto akiwa amelala, akiwa na njaa, akiwa na homa. Na hapa kuna jambo la uzima. Mwanamke anayeongoa kwa sikio ndiye anayetambua mapema kwamba kilio cha leo si cha jana, kina ukavu fulani, au ni chembamba mno, na kwamba hapa wimbo hauna kazi tena na mtoto apelekwe hospitali Faza. Wimbo si dawa. Lakini anayeimba akisikiliza hujua lini aache kuimba, na mara nyingine ujuzi huo ndio unaookoa.

Nalo jaribio la Murray na Trevarthen lina habari njema kwa wazazi walio mbali. Walipoonana moja kwa moja kwa televisheni, mtoto hakulalamika. Baba aliye Muscat akipiga simu ya video jioni, akaimba vibaya, akasimama mtoto anapopiga kelele, akamjibu kwa kelele hiyo hiyo, basi anaongoa. Akituma ujumbe wa sauti uliorekodiwa mchana ili uchezwe usiku, anatuma kumbukumbu. Vyote vina faida, na mtoto hunufaika kuizoea sauti ya babake kwa njia yoyote, lakini tusivichanganye. Kama muda ni mchache, ningemshauri baba huyo apige kwa dakika tatu kuliko kurekodi dakika thelathini.

Na wanaume waliopo nyumbani je? Sikubali kwamba hii ni kazi ya wanawake peke yao. Wanaume hawa ni watu wa nyimbo. Wakulima wa Kibajuni wana vave, inayoimbwa usiku kabla ya kuchoma msitu wa shamba jipya. Wavuvi wana kimayi. Mwanamume anayeweza kuimba ili makasia yashuke pamoja amekwisha kujifunza nusu ya ujuzi, kwa sababu anayeongoza wimbo wa kazi pia husikiliza: akisikia wenzake wamechoka hupunguza, akisikia wamepata nguvu huongeza. Nimemwona baba kijana, mikono yake imechanika kwa mishipi, ameketi barazani na mtoto kifuani, anamvumia wimbo wa chomboni pasi na maneno. Watu wawili wakapita wakamtania. Hakujibu, na mtoto alilala.

Kuna bibi mmoja mjini Chundwa ambaye watu walinielekeza kwake, wakisema yeye ndiye mwenye nyimbo nyingi kuliko wote. Nikaenda na simu yangu ya kurekodia, nikaamkia, nikakaribishwa mkekani, tukaulizana habari za watu na za safari mpaka zikaisha. Nikamweleza haja yangu: bibi, nataka uniimbie zile nyimbo za kuongolea watoto. Akanitazama, akatazama simu, akatazama mkeka uliokuwa mtupu baina yetu.

"Yuwapi mwana?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mtoto, ni nyimbo tu ninazozitaka. Akacheka, si kwa dharau. Akaniambia maneno atanipa, mengi yamo, lakini kuimba hawezi. "Nitajuaje nimefika?" Akanitajia maneno moja moja, kama mtu anayesoma hesabu ya duka, nikayaandika. Kisha binti mmoja wa nyumba akaingia na mtoto wake begani, mchovu, anasinzia hasinzii. Bibi akanyosha mikono bila kuuliza, akampakata. Na kile alichokiimba hakikuwamo katika yale aliyokuwa amenitajia. Kilianza na jina la mtoto, kikapita kwenye kalima, kikasimama, kikageuka kikawa maneno kuhusu mgeni aliyekuja na simu asiye na mwana, binti akaangua kicheko, kikarudi kwenye kalima. Aliposikia pumzi imekuwa nzito alikata katikati ya neno.

Kwenye rekodi yangu, ukiisikiliza leo, sehemu kubwa ni kimya. Mhariri mmoja aliyeisikia akapendekeza tuondoe vile vimya ili wimbo uwe mfululizo. Nilikataa.

Najua kwamba katika miaka hii wako vijana wengi wa Lamu, Pate na Mombasa wanaotaka kuzihifadhi nyimbo hizi, na simu zao zinatosha kwa kazi hiyo. Kazi ni ya haraka, maana wenye nyimbo ni wazee. Basi, ndugu yangu, ukienda kwa bibi yako, usiende mikono mitupu na usiende na simu peke yake. Nenda na mtoto. Kama huna wako, azima wa jirani, aliyeshiba na mwenye usingizi. Mpe bibi ampakate kwanza, ndipo ubonyeze. Weka simu mbali kidogo, isimshughulishe mtu. Andika jina la mji na mwaka, ukipewa ruhusa. Na bibi akinyamaza, usimwambie aendelee.